Mashangazi wa Taifa na Watoto wa Sembwe

Msiniulize nchi hiyo iko wapi. Mtu anaweza kutoka kwao akaingia huko asijue kama amevuka mpaka, maana picha zilizotundikwa ukutani ni za aina ile ile, na watu waliokaa chini ya picha hizo wanasinzia kwa mtindo ule ule. Inaitwa Sifani. Mimi nasimulia tu, sina ugomvi na mtu.

Sifani ina mto, na mto huo una samaki aitwaye sembwe. Nchi ilipojipatia uhuru wake, wakubwa waliona aibu kukaa bila nembo, wakamwita mchoraji kutoka ng'ambo, bwana mmoja mnene asiyependa jua wala mbu. Wakamwambia, tuchoree sembwe. Bwana yule hakufika mtoni hata mara moja. Alikaa hotelini, akaagiza chakula cha mchana, na kilipoletwa akatoa penseli kabla hajaanza kula, akachora. Hivyo ndivyo alivyopatikana sembwe wa nembo: mwili wa rangi ya dhahabu, mkia uliopinda kwenda juu, kinywa wazi, na ubavuni pake kitu cha mviringo chenye mistari, ambacho watoto wa shule hufundishwa kuwa ni jua la ukombozi. Amegongwa kwenye sarafu, ameshonwa kwenye kofia za polisi, amebandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya ikulu. Anapendwa sana.

Sembwe mwenyewe, yule wa majini, ana rangi ya fedha iliyochakaa na mkia ulionyooka. Lakini huyo hakuna aliyemshughulikia.

Basi Mtukufu Mlezi, ndivyo rais wao anavyopenda kuitwa, akaenda kwenye mkutano wa mataifa. Mama mmoja wa nchi ya baridi akasimama akasema kwamba sembwe wa Sifani yuko mbioni kutoweka duniani. Mtukufu Mlezi akacheka kwa huruma, akajibu kuwa sembwe wake wanazaana usiku na mchana, tena kwa hiari, chini ya uongozi wake. Yule mama akauliza swali dogo tu: watoto wao wakoje? Mtukufu Mlezi, ambaye huko kwao hajawahi kuulizwa swali bila kupelekewa jibu lake kwanza, akaomba maji ya kunywa.

Alirudi nyumbani na hasira, na hasira ya mkubwa hushuka ngazi haraka kuliko mshahara. Ilishuka kwa mawaziri, ikashuka kwa makatibu, ikatua kichwani kwa Dakta Fikirini Mwakasunga, Mkurugenzi wa Viumbe vya Taifa. Agizo lilikuwa fupi. Watoto wa sembwe watambuliwe na wajengewe makazi kabla ya Sikukuu ya Mto.

Dakta Fikirini alifurahi, masikini. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi na kuandika kitabu kinene juu ya watoto wa sembwe na si kitu kingine. Alijua kwamba wakiwa wachanga hawafanani na wazazi wao hata kidogo. Ni vijisamaki vya rangi ya tope, vina vijisharubu viwili mdomoni, na kwenye shina la mkia vina doa jeusi, na hilo doa ndilo la kuwatambulia. Alijua pia wanachotaka ili waishi: maji baridi yanayokwenda polepole, kivuli, changarawe safi, na mizizi ya matete ya kujifichia mpaka wakue na doa lifutike. Kichwa cha Dakta hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa shingoni: iliinama upesi mno.

Na alijua jambo moja zaidi, ambalo lilimkosesha usingizi. Mto mzima wa Sifani ulikuwa umebaki na kidimbwi kimoja tu chenye watoto hao. Kwingine kote viwanda vya shemeji za wakubwa vilikuwa vimekojolea maji mpaka yakawa na rangi ya soda. Kilibaki kidimbwi cha Matete, kwenye kona ya mto, chini ya miti. Kikiharibika hicho, basi, sembwe kwaheri.

Akachota wachache kwenye beseni la kufulia, akawapeleka wizarani.

Waziri wa Mito, Sherehe na Uzalendo, Mheshimiwa Bungala, alilitazama beseni kama mtu aliyeletewa supu yenye nywele.

"Dakta," alisema, "hivi ni nini?"

"Ni watoto wa sembwe, Mheshimiwa."

"Vya tope hivi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ukitazama hapa mkiani utaona doa..."

"Doa!" Waziri aliruka. "Wewe unataka nimwendee Mtukufu Mlezi nimwambie watoto wa nembo yake wana madoa? Na hizi ni nini, ndevu? Mtoto mchanga ana ndevu?"

"Sharubu, Mheshimiwa. Wanatafutia chakula."

"Wanatafuta chakula! Kwa hiyo wana njaa!" Waziri alijishika kifua. "Madoa, ndevu na njaa. Dakta, hao unaotuletea ni wapinzani."

Wasaidizi wake wakacheka, halafu wakaacha kucheka pale walipoona yeye hacheki.

Sasa hapa niwaeleze desturi ya Sifani, msije mkadhani watu wale hawana utaratibu. Huko mtoto akizaliwa, wanaosema ni wa nani si mama yake, wala daktari. Ni mashangazi, dada zake baba. Wanakuja na khanga zao mpya, wanakaa mkekani, mtoto anafunuliwa, anageuzwa, anapimwa pua na masikio na kisigino. Wakisema "baba mtupu!" vigelegele vinapigwa na uji unaletwa. Wakikunja midomo wakasema "mh, labda atabadilika," basi mama wa mtoto ajifungie mizigo yake. Desturi hiyo imevunja nyumba nyingi, na Sifani wanajivunia sana.

"Suala la mtoto," alitangaza Waziri Bungala, "ni suala la mashangazi."

Ikaundwa Kamati ya Mashangazi wa Taifa. Mwenyekiti alikuwa Bi Kidawa, dada yake Mtukufu Mlezi wa tumbo moja, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya mto. Alikuwa ameshawatambua watoto wengi wa ndugu zake, na wengine kadhaa alikuwa amewakataa, wawili kati yao wakiwa na sura yake yeye mwenyewe.

Mkeka ukatandikwa katika ukumbi wa bunge. Beseni likawekwa katikati. Pembeni ikasimamishwa nembo ya taifa, ile kubwa ya ikulu, iwe ndiyo baba. Bi Kidawa akajipinda, akaingiza mkono majini, akatoa kijisamaki, akakigeuza huku na huku kikihangaika kiganjani mwake.

"Mh," alisema.

"Mh," wakaitikia mashangazi wengine.

"Baba wa dhahabu. Huyu wa tope. Baba mkia wake uko juu, kajaa maringo. Huyu mkia wake umelala tu kama wa mtu anayedaiwa. Aka! Hakutoka kwetu huyu. Mama yao akaseme alikopita."

Kile kijisamaki kilikuwa kikifumbua kinywa na kufumba. Dakta Fikirini akajikuta amenyanyua mkono.

"Shangazi, samahani sana. Wakikua hubadilika. Doa hufutika. Naomba tu uwarudishe majini..."

Ukumbi mzima ukageuka. Waziri Bungala akauliza kwa upole, na Sifani nzima inaogopa upole huo, "Dakta, unamkosoa Shangazi wa Taifa?"

Nyumba yake ya serikali yenye bustani ikampitia Dakta kichwani, na gari, na ile habari iliyokuwa ikinong'onwa kwamba kiti cha Katibu Mkuu kitakuwa wazi.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Nilikuwa nanyanyua mkono kumuunga mkono."

Kamati ikaamua kwamba vijisamaki vya doa si watoto wa sembwe, ni wavamizi walioingia nchini bila kibali na kujipachika kwenye ukoo wa watu. Atakayekutwa nao, jela. Watoto halisi wa sembwe, kamati ikasema, wako kama baba yao ila wadogo, na wasipoonekana ni kwa sababu ya heshima. Uamuzi huo ulihitaji sahihi ya mtaalamu. Dakta Fikirini akauwekea sahihi, tena kwa kalamu yake ile aliyopewa zawadi siku alipohitimu.

Alipofika nyumbani, mkewe, Chausiku, alikuwa ameshasikia redioni. Wakati ule Fikirini anaandika kitabu chake, huyu ndiye aliyekuwa akimpigia chapa kurasa zote, kwa hiyo habari za doa alizijua vizuri.

"Baba Shani," alisema, "ni wewe kweli uliyeweka sahihi?"

"Ni karatasi tu, Mama Shani."

"Na kidimbwi?"

Dakta alivua viatu kwa uangalifu mkubwa, kimoja kimoja, kama vile viatu ndivyo vilivyoulizwa.

Kidimbwi hakikukawia. Waziri alitaka watoto wa taifa wajengewe makazi, na kwa kuwa mhandisi wake alikuwa ameshapata tenda, eneo likachaguliwa pale pale kwenye kona yenye miti, penye kivuli kizuri cha kuegeshea magari ya wageni. Dakta aliitwa aeleze mahitaji. Akajikaza, akasema kwa sauti ya chini: kivuli, mizizi ya matete, changarawe, maji ya polepole.

"Dakta," alisema Waziri, "hayo ni mazingira ya maskini. Mtoto wa taifa akae matopeni, chini ya majani, kama mtoro? Anataka hadhi yule!"

Matete yakafyekwa. Miti ikakatwa, ikabaki mmoja wa kupigia picha. Changarawe ikazolewa, na chini pakatandikwa marumaru nyeupe. Wakaweka taa za rangi, chemchemi inayoruka kwa kufuata wimbo wa taifa, na maji wakayatia dawa ya kuulia wadudu mpaka yakanuka kama wodi ya hospitali. Wavamizi waliokuwa wakirukaruka kwenye tope lililobaki walikusanywa kwa makoleo na vijana wa chama, huku bendi ikipiga.

Jioni moja kabla ya makoleo kufika, Dakta Fikirini alikuwa amekwenda pale na ndoo mbili. Nampa haki yake. Hiyo ndiyo safari pekee aliyokwenda mahali bila kutumwa. Alipiga magoti matopeni na suti yake, akawachota waliokuwa karibu na mizizi, akilia wazi wazi kama mtu aliyefiwa, na akawaleta nyumbani.

Nyuma ya jiko lao palikuwa na tangi la zege la kuvunia mvua. Chausiku alilisugua bila sabuni. Akalipandia matete aliyoyaokota kando ya barabara walikoyatupa, akamwaga changarawe, akatandika gunia juu liwe kivuli, akaacha bomba lichuruzike taratibu. Vijisamaki vikatulia. Kila akirudi kazini, Dakta alikwenda kwenye tangi kabla hata ya kumwamkia mkewe, akalala kifudifudi ukingoni, akawatazama.

"Mama Shani, njoo! Doa la huyu limeanza kufifia."

"Nimeliona asubuhi."

"Na huyu kashaanza fedha ubavuni! Wakizaa hawa, sembwe watarudi. Ndio hawa tu waliobaki duniani, unajua? Hawa hapa, nyuma ya jiko letu!"

"Najua," alisema Chausiku. "Wewe ndiye usije ukasahau."

Sikukuu ya Mto ikafika. Mtukufu Mlezi alikata utepe, akapewa jagi la kioo lenye watoto wa sembwe, ambao Waziri alikuwa amewaazima kwenye tangi la mapambo la hoteli kubwa, wale samaki wa dhahabu wanaoletwa kwa ndege. Akawamimina kwenye marumaru. Wakazunguka mara moja, wakazunguka tena kwa shida, halafu mmoja mmoja wakapanda juu, tumbo hewani. Umati ukaguna.

"Wamelala!" alitangaza Waziri Bungala kwenye kipaza sauti. "Watoto wamechoshwa na shangwe! Tuwapigie makofi ya polepole!"

Watu wakapiga makofi ya polepole. Dakta Fikirini alivishwa nishani yenye sembwe wa nembo, mkia juu, na akanong'onezwa kwamba ukatibu mkuu sasa ni wake. Waziri mwenyewe angemletea barua nyumbani.

Hakusema lini. Waziri Bungala ana mtindo wake: hupiga simu akiwa ameshaingia garini, na akifika kwa mtu hukagua nyumba yote, uani, jikoni, mpaka chini ya vitanda, akisema anapenda kujua wananchi wanaishije. Simu ililia asubuhi ya Jumapili.

"Dakta, tuko njiani. Niko na Bi Kidawa. Tutakula hapo hapo, usijisumbue. Samaki tu watatosha."

Dakta aliweka simu chini. Akachungulia dirishani: askari wa msafara walikuwa wameshajipanga barabarani, na wengine wako mpaka kwenye uchochoro wa nyuma.

"Nipe ndoo," alisema Chausiku. "Nitapita nao hata mbele yao."

"Watakufunua ndoo, Mama Shani. Ni jela."

"Basi waache tangini, na wakija uwaonyeshe! Doa limekwisha kwa karibu wote. Mtu yeyote mwenye macho ataona ni sembwe. Waambie hawa ndio wale waliokuwa na madoa. Waambie mlikosea."

"Mlikosea!" Dakta alishika kichwa. "Nani amekosea? Shangazi wa Taifa? Mtukufu Mlezi amewamimina wale wengine kwa mkono wake! Na sahihi ni yangu. Barua iko kwenye gari, Mama Shani. Inakuja hapo barabarani sasa hivi!"

"Kwa hiyo?"

Akamtazama mkewe. Akatazama tangi, ambalo ungeliona mara tu ukifungua mlango wa jiko. Halafu akachukua chujio kubwa la nazi.

"Bandika mafuta," alisema.

"Mimi sipiki," alisema Chausiku. Machozi yakaanza kumtoka. "Mimi mkono wangu sitautia. Pika mwenyewe."

Akapika mwenyewe. Mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya viumbe wale aliwapaa magamba, akawatia chumvi, akawatumbukiza kwenye mafuta yanayochemka mmoja baada ya mwingine mpaka tangi likabaki na matete tu. Mikono haikusita. Aliwapanga kwenye sahani vizuri, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akakata limau, akaweka kipande ubavuni pao.

Wageni walikagua nyumba. Waziri alisifu tangi, akasema maua yake ni ya kisasa. Wakakaa mezani, Waziri akaiweka ile barua mbele ya Dakta. Waziri alikuwa akitafuna na mifupa.

"Dakta! Utamu huu! Samaki gani huyu?"

"Ni... wavamizi, Mheshimiwa. Niliona badala ya kuwatupa, taifa liwale."

"Wavamizi? Loo! Ndiyo maana walijificha!" Waziri alicheka mpaka akajifuta macho. "Bi Kidawa, onja basi."

Bi Kidawa hakuonja. Alikuwa amemshika samaki wa mwisho, amemnyanyua usawa wa macho. Mafuta yalikuwa yamemgeuza rangi ya dhahabu. Moto ulikuwa umempinda mkia kwenda juu. Kinywa kilikuwa wazi. Akamrudisha sahanini taratibu, kando ya kipande cha limau, akasogeza sahani karibu na kifua cha Dakta, mahali palipokuwa na nishani. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Jamani," alisema. "Jamani, jamani! Tazameni mkia! Tazameni kinywa! Na jua lake la ukombozi hilo hapo ubavuni! Huyu hana shaka. Huyu baba mtupu!"

Akapiga kigelegele kilichowafanya askari wa nje wakimbilie bunduki. Waziri Bungala alisimama, mdomo umejaa.

"Mtoto wa taifa amepatikana!" alisema, na chakula kikamrukia Dakta usoni. "Dakta, wewe ni mtu wa ajabu! Tulimtafuta mtoni kumbe uko naye wewe! Nampigia simu Mtukufu Mlezi. Yule mama wa nchi ya baridi anakuja wiki hii, atamwona mwenyewe, hai, anaogelea kwenye marumaru!"

Bi Kidawa, kwa furaha ya kumpata mtoto wa kaka yake, alimvunja shingo akamla, akanyonya na kichwa. Limau pia akalila.

Waziri alikuwa ameshabonyeza simu na kuiweka sikioni. Akaifunika kwa kiganja, akamgeukia Dakta Fikirini.

"Anauliza, utawaleta lini wengine?"

Sahani ilibaki na mafuta tu. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, macho mekundu, nyuma yake tangi linachuruzika maji matupu. Alimtazama mumewe usoni bila kupepesa.

"Mwambie, Baba Shani," alisema. "Mtaalamu si ndiye wewe?"

Dakta Fikirini alijifuta chakula cha Waziri shavuni kwa leso, akavuta barua yake karibu kidogo juu ya meza, na shingo ikainama.

"Kesho, Mheshimiwa," alisema. "Anataka wangapi?"